Polisi wa mji na ICE: nani anamkabidhi mtu kwa nani?

Simu iliingia saa tano usiku, mama mmoja wa Uvira tunayesali naye, sauti imemkauka. Kijana wake kasimamishwa barabarani sababu taa ya nyuma ya gari imekufa, kuangalia leseni kumbe imefungiwa kwa ajili ya tiketi ya zamani ambayo hakulipa, basi wakampeleka jela ya kaunti. Kesho yake hakimu akampa dhamana ya dola 800, watu wa kanisa tukachanga, ikalipwa kabla ya saa sita mchana, tukakaa kwenye paking tunamsubiri atoke. Saa nane kimya. Saa kumi kimya. Nikaingia na mama mpaka dirishani, dada wa mapokezi akaangalia kompyuta yake akasema hela imepokelewa ila kijana ana zuio la uhamiaji, hatoki. Mama akanigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili, "Baba Neema, si polisi wa hapa hapa ndo walimkamata? Hawa uhamiaji wametokea wapi?"

Mimi nafanya ukalimani kwa Wakongo, Warundi na Watanzania walioko huku majimbo ya kusini mwa Marekani, na swali la huyo mama naulizwa karibu kila wiki kwa maneno tofauti. Wako wanaosema polisi na ICE, yaani askari wa uhamiaji wa serikali kuu, ni kitu kimoja, ukimwona askari kimbia, hata ukiibiwa usipige simu. Wako wengine wanasema mji wetu ni mji wa hifadhi, yaani mji ambao polisi wake hawafanyi kazi ya uhamiaji, meya katangaza, kwa hiyo tuko salama tulale. Wote wamekosea, na makosa ya aina zote mbili nimeona yakiumiza watu, kwa hiyo naomba niieleze hii kitu taratibu kama ninavyoielewa.

Tuanze na kwamba huku hakuna polisi mmoja. Sisi tumetoka sehemu ambazo jeshi la polisi ni moja nchi nzima, lina IGP mmoja, akisema neno Dar linafika mpaka Kasulu. Marekani ina vyombo vya polisi kama 18,000 hivi na kila kimoja kina bosi wake. Mji una polisi wake chini ya mkuu wa polisi ambaye kwa kawaida yuko chini ya meya. Jimbo lina polisi wake wa barabara kuu wanaomsikiliza gavana. Halafu kuna sherifu wa kaunti, na huyu ndo naomba mumshike vizuri kichwani, maana sehemu nyingi sherifu anapigiwa kura, meya sio bosi wake, na yeye ndo anaendesha jela. Polisi wa mji akikukamata anakupeleka kwenye jela ya sherifu. Kwa hiyo meya anaweza kutangaza mchana kweupe kwamba polisi wake hawafanyi kazi ya uhamiaji, na akawa anasema kweli kabisa, halafu wewe ukalala kwenye jela ya mtu ambaye hakutangaza hivyo.

ICE ni kitu kingine pembeni. Ni chombo cha serikali kuu, kimeanza 2003 chini ya wizara ya Usalama wa Ndani, ile iliyoundwa baada ya yale mashambulizi ya 2001. Kazi ya kumfukuza mtu nchini ni ya serikali kuu peke yake. Na kwa sehemu kubwa sio kesi ya jinai, mtu aliyekuja na viza halali ikamwishia akabaki, kosa lake ni la madai tu kama vile mtu amevunja mkataba. Kuingia kwa kuvuka mpaka kinyemela ndo jinai, na kurudi baada ya kufukuzwa ni jinai kubwa zaidi. Hii tofauti inaonekana ndogo ila ndo imezaa nusu ya kesi zote mahakamani, maana askari wa kawaida kazi yake ni jinai, na mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Marekani kwenye kesi ya jimbo la Arizona ilisema kwa kawaida sio kosa la jinai mtu asiye na karatasi kuendelea kukaa nchini, na majimbo hayawezi kujitungia sheria zao za kukamata watu kwa sababu hiyo tu. Waliacha kipengele kimoja, kinachomtaka askari aulize hali ya uhamiaji ya mtu ambaye tayari amesimamishwa kwa jambo lingine na ana sababu ya kumshuku.

Sasa serikali kuu inaweza kumlazimisha sherifu aifanyie kazi yake? Hapana. Na hili halikutokana na wahamiaji, limetokana na bunduki. Mwaka 1997 sherifu mmoja wa Montana anaitwa Jay Printz alikataa sheria iliyomtaka yeye na wenzake wawakague watu wanaonunua bastola, akasema mimi sio mfanyakazi wa Washington, na Mahakama Kuu ikampa ushindi kwa kura 5 dhidi ya 4. Toka hapo kanuni ni kwamba serikali kuu haiwezi kuwatumia maafisa wa jimbo au kaunti kwa nguvu kama vibarua wake. Inaweza kuomba, inaweza kulipa, inaweza kutishia kuwanyima ruzuku halafu wakaburuzana mahakamani, lakini kuamuru moja kwa moja haiwezi. Kwa hiyo pale unapoona polisi wa kwako anafanya kazi na ICE, ujue kuna mtu huku chini amekubali, ama sherifu mwenyewe ama jimbo limemwamuru, na huyo mtu ana jina na ana ofisi.

Sasa twende pale dirishani kwa mama, maana ndo penye kiini cha yote.

Watu wengi wanafikiri ushirikiano ni askari wa mji anatembea na ICE anagonga mlango. Ipo, nitaifikia. Lakini njia kubwa ya miaka yote ni mashine ya alama za vidole. Ukifikishwa jela, hata kwa kosa la leseni, wanakuwekea vidole kwenye kioo kimoja baada ya kingine, na hizo alama zinakwenda FBI kuangalia kama una kesi mahali. Hiyo ni kawaida ya siku zote. Kuanzia 2008, walianzia kaunti ya Harris kule Houston, FBI ikipokea hizo alama inazirusha yenyewe moja kwa moja mpaka Usalama wa Ndani, kule kwenye alama zako ulizotoa siku unaomba viza, au siku umeingia kama mkimbizi, au siku ya grinikadi, ile kadi ya ukaazi wa kudumu. Kufikia 2013 jela zote nchi nzima zilikuwa zimeunganishwa. Mpango huu ulianza wakati wa Bush, Obama akausambaza, akaubadilisha jina 2014, Trump akaurudisha 2017, na katika kubadilisha majina kote huko mashine yenyewe haikuzimwa hata siku moja.

Na hapa ndo pale ninaposema mji wa hifadhi hausaidii kama watu wanavyodhani. Mwaka 2011 magavana wa Illinois, New York na Massachusetts walijaribu kujitoa kwenye huo mpango, wakajibiwa kwamba ridhaa yenu haihitajiki, maana ninyi mnatuma kwa FBI na FBI ndo inatuma kwetu. Jela haiwezi kuacha kutuma vidole FBI, itajuaje kama aliyeko mbele yake anatafutwa kwa mauaji jimbo lingine? Kwa hiyo awe sherifu anawapenda wahamiaji au anawachukia, dakika vidole vyako vimegusa kile kioo, ICE wanaweza kujua uko wapi. Kijana wetu hakuna askari aliyepiga simu kumchoma. Kioo kilitosha.

ICE wakishapata jina, wanatuma karatasi jela. Kiingereza wanaiita detainer, sisi huku tumezoea kusema zuio. Ni fomu, inasema tunaomba mumshikilie huyu mtu mpaka saa 48 zaidi ya muda ambao angetoka, ili sisi tufike tumchukue. Inaambatana na hati inayoitwa warrant ila soma chini kwenye sahihi, haijasainiwa na jaji, imesainiwa na afisa wa ICE mwenyewe. Ile ya mahakama inasainiwa na jaji asiye upande wowote, hii imesainiwa na mwenye shida. Dada wa mapokezi alikuwa mwema, alinionyesha nakala kupitia kioo, nikaona kiboksi kimewekwa alama ya eksi na sahihi ya mkono iliyokimbizwa ambayo haisomeki, na mama ananivuta shati ananiuliza imeandikwa nini, imeandikwa nini.

Neno la muhimu kwenye hiyo fomu ni "tunaomba". Kuna kijana raia wa Marekani, mzaliwa wa New Jersey, mwaka 2008 alishikiliwa Pennsylvania kwenye jela ya kaunti ya Lehigh wikiendi nzima wakati dhamana yake imeshalipwa, sababu tu ICE walituma zuio wakidhani sio raia. Akashtaki. Kaunti ikajitetea kwamba sisi tulilazimika kutii, na mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya Philadelphia ikasema hapana, lile ni ombi, mlikubali wenyewe kwa hiari yenu na mnabeba wenyewe. Mwaka huo huo jaji wa serikali kuu kule Oregon akasema kaunti ya Clackamas ilivunja katiba kumshikilia mwanamke kwa zuio lisilo na jaji nyuma yake, maana kumweka mtu ndani baada ya muda wake kuisha ni sawa na kumkamata upya, na kukamata kunahitaji sababu. Baada ya hapo kaunti nyingi ziliacha, na sio zote kwa huruma, nyingine ziliogopa kulipa fidia. Massachusetts mahakama yao kuu 2017 ilisema maafisa wa jimbo hawana kabisa mamlaka ya kumshika mtu kwa zuio peke yake.

Lakini kaunti yetu inaheshimu mazuio, jimbo limeamuru. Na Louisville, Kentucky, mji ambao ukienda sokoni unasikia Kiswahili cha Bukavu na cha Bujumbura kila kona, Julai 2025 meya alitangaza kwamba jela itaanza tena kuwashikilia watu zile saa 48, baada ya serikali kuu kuuweka mji kwenye orodha ya miji ya hifadhi na kuubana. Nawataja sababu najua ndugu wengi kule walikuwa bado wanaambiana mji wetu ni hifadhi. Haya mambo yanabadilika, tangazo la mwaka juzi usililalie.

Ngazi ya pili ni ile wanayoiita 287(g), hiyo ni namba ya kifungu tu, kiliingizwa kwenye sheria ya uhamiaji 1996 enzi za Clinton. Huu ni mkataba kabisa, sherifu au mkuu wa polisi anasaini na ICE, askari wake wachache wanapewa mafunzo na wanapewa nguvu za ofisa wa uhamiaji. Florida ndo walikuwa wa kwanza 2002. Iko ya aina tatu. Moja ni ya ndani ya jela, askari wa jela mwenyewe anamhoji mfungwa umezaliwa wapi, umeingiaje, anaanza kuandaa faili la kumfukuza. Ya pili nyepesi zaidi, askari wa jela anatekeleza tu zile hati za ICE. Ya tatu ndo inayotisha watu wetu, askari wa barabarani mwenye kiapo cha uhamiaji, anakusimamisha kwa mwendo kasi na hapo hapo anaweza kukuuliza karatasi na kukushika kwa ajili ya hizo karatasi.

Hiyo ya tatu Obama aliizima 2012, na sababu unaikuta Arizona. Kaunti ya Maricopa, sherifu wake Joe Arpaio alisaini 2007, akawa anafagia mitaa ya Walatino, gari ikiwa na watu wenye sura fulani inasimamishwa kwa kioo chenye ufa. Serikali kuu yenyewe ikamnyang'anya mkataba 2011, na 2013 jaji akatoa hukumu kwamba walikuwa wanasimamisha watu kwa rangi. Jaji alimwamuru aache, hakuacha, 2017 akakutwa na hatia ya kudharau mahakama na mwezi uliofuata Rais Trump akamsamehe. Walipa kodi wa Maricopa wameendelea kulipa mamilioni ya dola miaka na miaka kwa ajili ya hiyo kesi moja.

Januari 2025 hiyo aina ya tatu ikarudishwa. Mwanzoni mwa mwaka huo mikataba yote ya 287(g) ilikuwa kama 135 nchi nzima, kabla mwaka haujaisha ilikuwa imepita 1,000. Florida masherifu wa kaunti zote 67 wamesaini. Georgia ilipitisha sheria 2024 ya kuwalazimisha masherifu waombe mkataba, ingawa 2020 wapiga kura wa Gwinnett na Cobb, kaunti zenye Waafrika wengi pale Atlanta, waliwachagua masherifu walioahidi kuufuta na Januari 2021 wakaufuta kweli. Texas nayo ilipitisha yake 2025. Halafu hela ikaja, kuanzia Oktoba 2025 serikali kuu inarudisha mishahara ya askari waliofunzwa kwenye huo mkataba, na vyombo vidogo vya vijijini vyenye bajeti ya kubana bana vimeona hiyo ni neema. Upande wa pili California toka 2018 inazuia polisi wake kushika watu kwa zuio, Illinois na jimbo la Washington nao wana sheria zao, na Oregon walishafanya hivyo 1987, kabla ICE haijazaliwa. Kwa hiyo taa ya nyuma ikifa Portland ya Oregon na ikifa Jacksonville ya Florida, ni taa hiyo hiyo ila sio usiku ule ule.

Nitakuwa sijatenda haki nisiposema wanachosema masherifu wanaokubali. Wanasema mtu tayari yuko jela, kumkabidhi pale ndani ni salama kuliko ICE kwenda kumsaka mtaani na kukutana na watoto na majirani, na kwamba kuna waliotoka jela wakati ICE waliomba washikiliwe halafu wakaua. Hayo yametokea kweli na familia zilizofiwa zina haki ya kusikilizwa. Lakini mimi nimekaa na wakina mama upande huu mwingine. Mkuu wa polisi wa Houston, Art Acevedo, 2017 alisema taarifa za ubakaji kutoka kwa Walatino zilishuka zaidi ya asilimia 40 kwenye miezi mitatu ya kwanza ya mwaka, wakati kwa wengine zilipanda, na yeye hakuona hiyo kama dalili kwamba wabakaji wameacha. Nawajua wanawake wetu waliopigwa mpaka meno yakatoka wakasema siiti polisi, watamchukua baba watoto, au watanichukua mimi. Na hao hawajui kwamba sheria ya mwaka 2000 ilianzisha viza ya U, kwa ajili ya mtu aliyetendewa uhalifu mkubwa akasaidia polisi, na anayeweza kusaini ile fomu ya kuthibitisha kwamba alisaidia ni pamoja na polisi huyo huyo wa mji. Zinatolewa 10,000 tu kwa mwaka na foleni ni ndefu, ila ipo.

Nirudi kwa kijana maana bado watu wananiuliza, alikuwa na grinikadi, amekuja kama mkimbizi na familia nzima, ICE walimtakia nini? Alipokuwa na miaka 20 aliiba simu dukani, wakili wa kumtetea aliyepewa na serikali akamwambia kubali kosa utatoka leo, akakubali, akapewa mwaka mmoja uliosimamishwa, hakulala jela hata usiku mmoja. Kwenye sheria ya uhamiaji wizi wenye hukumu ya mwaka mmoja, hata kama umesimamishwa wote, unahesabika kosa zito la kufukuzwa. Miezi kumi na miwili ni hatari, miezi kumi na mmoja pengine angepona. Mahakama Kuu ilishasema 2010, kwenye kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, kwamba wakili wa jinai lazima amweleze mteja asiye raia hatari ya kufukuzwa kabla hajakubali kosa. Kijana anasema hakuelezwa, na wakili wake wa sasa anapigania hapo hapo. Mdogo wake aliyepata uraia mwaka juzi hagusiki kwa hili, na ndo maana namsumbua kila mtu mwenye grinikadi ya zaidi ya miaka mitano, jaza zile fomu za uraia, ila ukiwa na kesi yoyote ya nyuma muone wakili wa uhamiaji kwanza kabla hujajaza.

Kitu kingine tulichojifunza kwa machungu ni ile dhamana. Tulivyoilipa haraka ndo tulivyoianzisha saa ya ICE, maana zile saa 48 zinaanza kuhesabiwa pale mtu anapotakiwa kuachiwa, na akishachukuliwa anaweza kukosa tarehe ya korti ya kaunti na hela ya watu ikapotea. Siku hizi mtu akinipigia naanza na hilo, uliza jela kwanza kama ana zuio, wanajibu hata kwa simu, halafu ongea na wakili ndo mtoe hela. Na saa 48 zikiisha ICE hawajafika, jela inatakiwa imwachie, wakili apige simu saa hiyo hiyo, asisubiri Jumatatu. Akiulizwa kule ndani kazaliwa wapi au kaingiaje ana haki ya kusema sijibu bila wakili, lakini asidanganye na asisaini karatasi ambayo hajasomewa kwa lugha anayoielewa.

Wetu walimchukua saa ya 41, alfajiri. Jela wakasema hayuko kwetu tena, basi. Kuna ukurasa wa ICE wa kumtafuta mtu aliyeshikiliwa, unaweka jina na nchi aliyozaliwa, mama akaniambia weka Kongo, kwenye orodha ziko Kongo mbili, nikajaribu zote mbili, hakuna. Nikageuza majina, la mbele nyuma la nyuma mbele, hakuna. Siku mbili tumekesha, mama ameshaamini wamempandisha ndege. Siku ya tatu jioni dada yake mdogo, binti wa darasa la nane, akasema lakini kaka alizaliwa Nyarugusu, kule kambini. Nikachagua Tanzania. Akatokea hapo hapo, jina lake kamili na mahali alipo, masaa manne kwa gari kutoka nyumbani.